Mume wangu aliwaambia kwao ni udata, sasa wanataka kumkata mwanangu chini ya ulimi

Admin, naomba unifichie kila kitu, maana wifi zangu wote wako humu. Mimi ni mama wa miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, naishi Makole hapa Dodoma na mume wangu na binti yetu wa miaka mitano. Binti nitamwita Salma, silo jina lake. Naandika hapa nakaa nasimama, nakaa nasimama, na gauni la mteja leo nimelishona mikono nje ndani.

Salma haongei kama watoto wenzake. Anasikia, anacheza, anacheka, na ukimwambia leta ndoo analeta. Ila ukimwambia leta ndoo kisha ufunge mlango, anasimama katikati ya chumba ananiangalia tu. Maneno yake ni mojamoja: maji, bibi, twende. Akitaka kueleza jambo refu linamkwama, anaishia kunivuta gauni na kulia. Majirani kila mmoja ana lake. Huyu anasema ni katuni, yule anasema nimemdekeza, mwingine anasema nisubiri tu, atakuja kuongea mpaka nimkome.

Tulimpeleka hospitali. Masikio yalipimwa yakaonekana sawa. Kisha dada mmoja, mtaalamu wa matatizo ya kuongea, akampaka asali mdomo wa juu aone kama ulimi unafika, Salma akairamba yote. Akakaa naye mezani muda mrefu anamwonyesha picha na kumwuliza hiki na kile. Mwishoni akatuambia, "Ulimi wa mtoto hauna tatizo. Shida iko kwenye ubongo, zile sehemu zinazopokea maneno na kuyapanga. Za kwake zimekua tofauti, zinafanya kazi taratibu. Hakuna aliyesababisha, na mtoto si mjinga. Ongeeni naye kwa sentensi fupi, mpeni muda wa kujibu, mleteni kwenye mazoezi. Atapiga hatua." Nililia, lakini ilikuwa ahueni. Angalau nilijua.

Mume wangu hakulia. Tulipofika getini akaniambia, "Mama Salma, hilo neno ubongo lisifike kwetu. Kule kijijini Busi ukisema ubongo, watu wanaelewa kichaa. Ataitwa hivyo mpaka anakuwa mtu mzima." Hata hatujapanda bodaboda, mama yake akapiga simu kuuliza majibu. Akamjibu, "Wamesema ni udata tu, mama." Kwa msioujua, udata ni ule uzi wa chini ya ulimi ukiwa mfupi, na huwa wanaukata. Nilinyamaza. Niliona anamkinga mtoto, na kweli alikuwa anamkinga.

Sasa mama mkwe wangu si mtu wa kukaa na tatizo. Juzi kanipigia, hata sauti inacheka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jumamosi mniletee mjukuu wangu. Nimeshaongea na mzee anayekata udata, ndiye aliyemkata mumeo, na mumeo si unamsikia anavyoongea? Mkiondoka hapa Salma atakuwa anaimba."

Nilisema sawa mama, nikakata simu. Na msije mkamtukana kwenye maoni. Huyu mama ananipenda, na Salma ndiye roho yake. Ameambiwa ugonjwa, ametafuta dawa. Angefanya nini kingine?

Jana nikamkalisha mume wangu. Nikamwuliza, "Unajua ulimi wa Salma ni mzima?"

"Najua."

"Sasa tunaenda kukata nini?"

Akasema, "Ni kidogo tu, dakika moja. Mama ataridhika, watu wataacha kuuliza. Na huwezi jua, labda hospitali wamekosea."

Kumbe uongo wake mwenyewe ameanza kuuamini. Nikamwambia ampigie mama yake amweleze ukweli. Akasema nikifungua mdomo wangu nimemfanya yeye mwongo mbele ya mzazi wake na mwanangu kichaa mbele ya ukoo, na hilo hatanisamehe. Halafu akatoka. Mpaka sasa tunaongea mambo ya chakula tu.

Kinachonikosesha raha zaidi ni kwamba baada ya kukatwa Salma hataongea, na mimi najua hataongea. Watasema hakukatwa vizuri, watataka kurudia. Naye hata akiumia hawezi kuniambia inauma wapi.

Jamani, wenye watoto wa hivi, waliowahi kusimama kati ya mume na mama mkwe, niambieni. Nimpigie mama mkwe kule Busi nimweleze mwenyewe? Nitamwelezaje ubongo asisikie kichaa? Au nimchukue mtoto niende kwetu, ndoa iwe itakavyokuwa? Kesho kutwa ni Jumamosi. Salma ameshachomoa gauni lake jipya kabatini, amekaa mlangoni, na neno lake tangu asubuhi ni moja tu, "Bibi." Nifanyeje?