Wazee Waliofunikana

Mzee Pokotoa alikuwa karani wa afya pale Alofi, kisiwani Niue. Ajira yake iliongezwa mara mbili baada ya kustaafu, maana vijana wote waliojua kompyuta walikwishapanda ndege. Jumatano moja asubuhi bosi wake, Ligi, binti wa rika la wanawe, alisimama nyuma ya kiti chake akitazama chati ya mkutano wa kesho.

Kila mzee aliwekwa nukta: umri kwa chini, idadi ya wanaolala nyumbani kwake kwa pembeni. Kijiji chenye wazee kumi wanaoishi peke yao kingebakiziwa gari la muuguzi. Kisichofikisha, basi.

"Kijijini kwenu naona mpweke mmoja tu," Ligi alisema. "Gari linaondoka, mzee wangu."

"Mmoja? Mwanangu, hapo wamelaliana watu tele."

Ndivyo ilivyokuwa. Zamani kimbunga kiliondoka na daftari la kanisa, na mchungaji alipoandika jipya hakujisumbua: watoto wote waliokuwa waking'oka meno aliwapa mwaka mmoja wa kuzaliwa. Sasa wote wana sabini na nne, wote peke yao, na kompyuta iliwapanga juu kwa juu kama sahani kabatini. Asiyekuwepo na lake halipo, na aliyefunikwa ni vivyo hivyo.

"Lakini orodha si ipo?" aliuliza Pokotoa.

"Uliwaona lini wajumbe wakisoma orodha? Wanatazama picha, wanakunywa chai, wananyoosha mikono."

Pokotoa akashika kazi. Alizitoa nukta rangi ya ndani, zikabaki maduara matupu. Bado lilionekana duara moja. Akaongeza kidogo umri wa huyu, akapunguza kidogo wa yule, mpaka wakaachana. Chini akaandika: umri wao ni mmoja, wamesogezwa ili waonekane.

"Kwa hiyo Hinemata umemzeesha?"

"Wiki mbili tu. Usimwambie, atanipiga."

Ligi akacheka, kisha akahesabu kwa kidole. Tisa. Akarudia, zikawa tisa zilezile.

"Na huyu wa juu, mwenye watu wanne?"

"Mimi huyo."

"Wanne gani, baba?"

"Mimi na wanangu watatu."

Kisiwani hapo ukimuuliza mtu nyumba yake ina wangapi, hamwachi nje aliyeko Auckland, New Zealand. Kumwacha ni kama kumzika. Kwa wengine muuguzi aliingia ndani akahesabu vitanda vilivyolaliwa. Karani alijijazia mwenyewe.

"Mara ya mwisho walilala hapo lini?"

"Msiba wa mama yao. Miaka saba."

Ligi alikwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyataka, ili mzee asitazamwe.

Pokotoa alikaa na ile nne mbele yake. Kuifuta kulimuuma kuliko siku aliyowasindikiza uwanja wa ndege, kwa kuwa siku ile walikuwa wameahidi kurudi. Aliona haya kwa upweke aliouficha miaka yote. Hatimaye akafuta nne, akaandika moja.

Duara lake likashuka mpaka kwa wenzake. Ligi aliporudi na vikombe, chati ilikuwa na wapweke kumi na gari la kijiji lilikuwa limepona, na mzee Pokotoa alikuwa analia kimya, mkono bado ukiwa juu ya kibodi.