Mkate wa Mgonjwa

Juzi nilirudi Matiri kwa gari langu mwenyewe, nikamkuta binti wa kaka yangu amekaa mkekani, tumbo limevimba, miguu kama vijiti. Jirani alikuwa amemletea mkate. Rafiki yangu, nilipandwa na hasira. Mtoto yule alikuwa mimi.

Huku kwetu milimani hatuendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Tunapeleka mkate, aliyeukosa hupeleka maandazi. Ngano tulilima wenyewe, na asubuhi niliamshwa na harufu ya uji wake jikoni kwa mama. Nikanywa, nikaharisha, nikakonda. Nilivyozidi kukonda ndivyo mikate ilivyozidi kuja. Mwalimu alisema nina minyoo. Majirani walisema nimerogwa. Hakuna aliyeuliza nimekula nini.

Likizo nilipelekwa Lipingo, ziwani, kwa bibi mzaa mama. Kwake ngano haikuwepo. Tulitwanga muhogo mkavu, tukaanika usipa, wale dagaa wa Nyasa, na jioni tulikula ugali unaonata vidoleni kwa samaki mbasa wa kuchemsha. Baada ya wiki chache nilikuwa nakimbizana na mawimbi.

"Upepo wa ziwa umekupenda," bibi alisema.

Nikirudi nyumbani, naharisha tena. Majirani wakaamua mchawi anaishi huku juu.

Nilisoma hivyo hivyo, wadogo zangu wakinipita kimo, nikapata diploma ya uhasibu bila kubebwa na mtu. Daktari wa mjini ndiye aliyenipima damu, akachunguza kipande cha utumbo, akautaja ugonjwa wangu: seliaki. Nikila ngano au shayiri, mwili wangu unaushambulia utumbo wake wenyewe. Dawa ni kuacha kabisa, maisha yote. Leo nina afya, nina nyumba ya bati la rangi, na mahindi yangu nasaga kwenye mashine isiyosaga ngano. Utoto wangu ndio sikurudishiwa.

"Wifi, huyu huenda ana ugonjwa wangu," nilimwambia mke wa kaka. "Jumatatu nampeleka kupimwa."

"Na mkate ndio umnyime? Diploma yako inamfundisha mtoto kushinda njaa?"

"Sijamnyima. Akiacha ngano kabla ya kipimo, kipimo kitadanganya. Aendelee kula mpaka apimwe."

Jirani aliyeuleta mkate akacheka. "Makelele yote hayo, kumbe mkate unaliwa."

Nikakata kipande kwa mkono wangu mwenyewe, nikampa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

"Asante, shangazi," alisema, akala.

Bibi ameshakufa. Nyumba yake imeanguka, na Lipingo siku hizi chapati zinakaangwa tangu alfajiri. Mimi nilikuwa na mahali pa kupona, hata kabla ya mtu yeyote kujua naumwa nini. Mtoto huyu mahali hapo hajapakuta. Amenikuta mimi.