Usimwache Garini

Siku nnayoikumbuka, mwanangu, ilikuwa ya joto lile la Maskati ambalo hata paka hatoki kivulini. Nilikuwa bado kijana. Usicheke. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini ukinitazama leo utakubali kwamba siku zile nilikuwa kijana.

Mimi ni mtu wa nyumbani, hilo aila nzima wanalijua na wamenitania vya kutosha. Kutoka hapa Al Khoudh kwenda Qurum, humu humu Maskati, kwangu ni safari ya kuagana na watu. Kwa hiyo mpwa wangu aliyeko Uingereza aliponieleza kwa simu kwamba huko mzee anaweza kuiweka nyumba yake rahani kinyumenyume, yaani benki ndiyo inayomlipa yeye kidogo kidogo huku anaendelea kukaa humo humo, na akishakufa ndipo inauzwa wajilipe, nilihisi mkopo huo umebuniwa kwa ajili yangu. Kulipwa kwa kukaa nyumbani. Kazi hiyo nimeifanya bure maisha yangu yote.

Nia yangu ilikuwa njema. Mke wangu, Bi Zuwena, magoti yalikuwa yamemchosha, ngazi ya kwenda juu akiipanda huku anapumzika njiani. Nilitaka nimpeleke India akatibiwe, na nilitaka iwe siri mpaka tiketi ziwe mkononi. Basi nikaendesha mpaka benki moja ya Qurum, nikamwacha garini na AC inawaka, nikamwambia nnakwenda kubadilisha kadi. Ndio tulivyo wanaume wa kwetu. Mambo ya nyumba tunakwenda kuyazungumza na watu baki, na mwenye nyumba tunamwacha garini.

Binti aliyenipokea alikisikia Kiarabu changu chenye lafudhi ya Unguja, akatabasamu, akahamia Kiswahili cha bibi yake. Akaniambia mkopo wa namna ile wao hawana, wana rahani ya kawaida, na kwa umri wangu hata hiyo ingekuwa shida. Lakini naona alinihurumia, maana aliendelea kuniuliza nyumbani nnaishi na nani.

"Na mama, ni raia?"

Nikamwambia mama yuko hapa tangu njia ya kwetu haijatiwa lami, na bei ya vitunguu anaijua kuliko mie.

"Vitunguu havimo, babu. Nnauliza pasipoti."

Pasipoti yake ilikuwa ya Tanzania. Tulioana Unguja, akanifuata huku, na kila ukaazi wake ulipokaribia kwisha nilikuwa nausaini mimi, mdhamini wake. Tukazoea mpaka tukasahau. Uraia tulikuwa tukisema tutaomba mwakani. Yule binti akanifahamisha taratibu, kama anavyosemeshwa mtu mwenye presha, kwamba katika mikopo kama ile aliyoisifia mpwa wangu, anayelindwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye mkataba. Na mgeni si rahisi kuingizwa, kwa sababu kukaa kwake nchini kwenyewe kuna mwisho. Kisha akauliza, wala hakuuliza kwa ubaya:

"Ukitangulia wewe, yeye atakaa wapi?"

Nikamshukuru, nikainuka. Nilitoka hata ile kadi ya uongo sina.

Garini nikamweleza Zuwena yote. Tulipoiacha Qurum nyuma akanigeukia.

"Magoti yangu, nyumba yetu, na mie sijui," akasema. "Ungeniuliza ningekwambia. Mie siogopi pa kukaa, nna dada zangu Unguja. Nnaogopa kukuacha wewe. Hata jiko hujui kuliwasha."

Nikamwambia jiko ni kifungo kimoja tu, ntajifunza.

Nyumba hatukuiweka rahani. Tuliwaita watoto wa ndugu zangu, maana sisi Mungu hakutujaalia watoto na wao ndio warithi, na mbele ya kahawa na halua nikawaambia kwamba nikiondoka, Bi Zuwena hatolewi humu. Wakaridhia, tukaandikishana kwa wakili. Maombi ya uraia tukayapeleka, mwakani yetu ikawa imefika. Magoti yakatibiwa hospitali ya hapa hapa, kwa kungoja zamu.

Nilipanga kila kitu ili asikose pa kukaa. Akatangulia yeye.

Sasa pa kukaa pamenibakia mimi. Jiko nimejifunza, ingawa nalisomea bismillahi mbili. Na kwenye ngazi, kile kipandio alichokuwa akipumzika, na mie nnakaa kidogo, ilhali magoti yangu hayana neno.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayetaka kukopa kwa nyumba na mwenzio ana pasipoti nyingine, usianze kuuliza utapata kiasi gani. Anza na atakayebaki, na atabaki kwa haki ipi. Makaratasi ya ukaazi wake yatangulie ya benki, wala usiyaweke mwakani. Na ukienda, zima gari, mfungulie mlango, ingia naye. Mimi wangu nilimwacha nje kwa muda wa kikombe cha kahawa, na ndio muda nnaoutamani nirudishiwe.

Mungu akujaalie nyumba yenye mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi, na akucheleweshieni nyote wawili siku ya kutangulia. Amin.