Shule Aliyoikataa Josiane

Josiane Lacrampe alikuwa mwanamke wa kijicho, na sisi watu wa Lannemezan, kimji cha kusini mwa Ufaransa, tulimjua hivyo tangu zamani. Alikaa mapokezi kwa daktari wa meno, na hapakuwa na mgonjwa aliyepita pale bila kuulizwa mtoto wake anasoma wapi. Ukimtajia shule kubwa ya uhandisi, atakununia, na jino lako litasubiri mpaka mwisho wa foleni. Ukimtajia shule ndogo unaitwa mara moja, tena kwa tabasamu.

Aliyemchoma roho hasa ni wifi yake, Nadège. Mtoto wa Nadège aliingia shule moja ya Paris, katika zile ambazo jina likitajwa mezani watu huweka uma chini. Tangu hapo kila chakula cha Jumapili kwa mama mkwe kikawa ni habari za huyo kijana tu: kala na nani, kasifiwa na profesa gani. Josiane alikuwa akitafuna bata wake kimya, huku amekula kiapo moyoni kwamba binti yake Maïlys ndiye atakayemfunga mdomo yule mwanamke.

Maïlys, maskini, alikuwa amemaliza miaka miwili ya madarasa ya kujiandaa kwa mitihani mikubwa kule Toulouse, hesabu asubuhi, fizikia jioni, na dharau za walimu katikati. Akafanya mitihani ya kuingia shule za uhandisi, akazipanga mwenyewe shule anazozitaka, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, akamwambia mama yake, "Naomba usiniulize kitu. Majibu yakija utayajua." Yakaja mwishoni mwa Julai. Amepata Tarbes.

Tarbes, hapo tu, ambapo ukipanda treni hujakaa sawa umeshafika. Josiane akajua mtoto kaanguka, na kwamba hayo ni mabaki ya walioshiba. Jumapili iliyofuata Nadège hakumhurumia.

"Tarbes pazuri, wifi," alisema akijipakulia viazi. "Angalau nguo chafu atakuletea ufue."

Meza nzima ikacheka. Mume wa Josiane naye akacheka, mjinga yule. Hata Maïlys alicheka, akasema ataleta na za wenzake. Josiane alitamani ardhi ipasuke, ila immeze Nadège kwanza.

Ndani ya gari, wakirudi, akaanza.

"Utaikataa. Utarudia mwaka wa pili, ufanye mitihani upya. Wenzako wanarudia, ndio wanaoingia Paris."

"Sirudii."

"Kwa hiyo shangazi yako atucheke mpaka tuzikwe?"

"Anakucheka wewe, mama. Mimi nimepata shule."

"Umepata makombo."

Maïlys akageukia dirishani.

Wiki ile alikuwa na kibarua cha kung'oa maua ya mahindi kwenye mashamba ya mbegu, kama vijana wote wa huku wakati wa kiangazi. Anaondoka alfajiri, anarudi shingo imeungua na mikono imechanika. Mwisho wa kujibu ile shule ulikuwa Ijumaa, na namba yake ya siri ilikuwa imebandikwa kwenye friji, pamoja na ratiba ya takataka, maana nyumba ile kila kitu hubandikwa pale. Ijumaa mchana Josiane akatoka kazini akaja kukaa jikoni na kompyuta. Palikuwa na mambo mawili, kukubali na kujitoa. Akachagua kujitoa. Akaulizwa kama ana uhakika, akaonywa kwamba akishajitoa hakuna kurudi nyuma. Akabonyeza bila kusita, mwanamke yule, kisha akampigia simu Bwana Fourcade, mwalimu wa hesabu wa Toulouse.

"Mwekee Maïlys nafasi. Anarudia mwaka."

"Anarudia nini?" mwalimu akauliza. "Bi Lacrampe, mwanao amewapita wote darasani kwangu. Alama zake zilimtosha kuingia Lyon, na hata Paris."

"Mbona basi wamempa Tarbes?"

"Kwa sababu aliiweka ya kwanza. Ukipata ya kwanza, zote za chini zinafutika. Nimegombana naye hadi nikachoka, nikamwambia anachezea bahati yake. Akasema anataka mahali watakapompa injini aifungue tangu wiki ya kwanza." Akakohoa. "Na nafasi za kurudia nimeshawapa walioshindwa. Yeye hakushindwa."

Josiane akairudia kompyuta. Aliingiza ile namba tena na tena, na kila mara alijibiwa kwamba mwombaji huyu amejitoa. Akapiga simu ofisi ya udahili, wakamwambia hivyo hivyo, kwa adabu zote.

Maïlys alirudi, akanywa maji, akavuta kiti kwenye kompyuta.

"Nimeshajibu," Josiane akasema, mgongo kwenye sinki.

"Umejibu nini?"

Josiane akamwonyesha kioo kwa kidevu. Maïlys akasoma mwenyewe. Alisoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo.

"Sikujua kama uliiweka ya kwanza," Josiane akasema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniacha?"

Josiane asingemwacha, na wote wawili walilijua hilo.

"Septemba naenda chuo kikuu Toulouse," Maïlys akasema. "Wanachukua kila mtu. Mwakani nitaomba shule kutokea huko."

"Njoo tu mwisho wa wiki, mwanangu. Tutazungumza."

Maïlys akasimama, akafunga kompyuta taratibu.

"Lyon ni mbali, mama. Niliiweka Tarbes ya kwanza ili niwe nalala nyumbani," akasema. "Sasa sitaki."