Ng'ombe Aliyetoka Hadithini

Getruda alifika akihema, kanga ya kichwani ameishika mkononi. Wegesa alikuwa uani kwake pale Matongo, anapepeta ulezi.

"Weka ungo chini, dada. Wamemkamata Mseti."

"Akina nani wamemkamata?"

"Sungusungu. Na Werema yuko nao. Wanampeleka kwenye iritongo, wazee wa baraza wameshakaa. Wanasema wewe ndiye uliyemtaja."

"Mimi? Nimemtaja wapi?"

"Jumapili. Kwenye hadithi yako."

Wegesa si mwanamke wa kuangusha ulezi. Aliuweka ungo chini polepole, akajifunga kanga vizuri, akatoka na Getruda. Mseti ni mtoto wa kaka yake marehemu. Amemlea yeye, amemwogesha, amemchapa, amempeleka kwenye chanjo. Na kila mtu wa huku anajua mwizi wa ng'ombe akishafikishwa mbele ya watu wenye hasira, mara nyingine maneno huisha kabla hata hayajaanza.

Huyu Wegesa watu wanamwita mama wa vitabu, na jina hilo halijamchukiza hata siku moja. Alifika darasa la nne, baba yake akasema inatosha, aolewe. Akaolewa, lakini herufi hazikubaki shuleni. Wakati wa kisomo cha watu wazima yeye ndiye aliyewafundisha wazee kuandika majina yao, wakikaa kwenye ukuta wa josho la ng'ombe, na wapo waliokufa wakijua kusaini kwa sababu yake. Vitabu vyenyewe alivipata kwa shida. Kila alipokwenda Mugumu kumwona binti yake, alipita sokoni kwa akina mama wanaouza karanga, wale wanaofungia kwa kurasa za vitabu vilivyochanika. Alichagua karatasi, si karanga. "Nipe hiyo yenye maandishi madogo," alikuwa akisema, na wao walicheka. Akifika kwa binti yake anamwaga karanga kwenye sahani na kusoma. Pengine alipata tumbo la hadithi, haina kichwa wala mkia. Basi kichwa aliweka mwenyewe, mkia aliweka mwenyewe. Ndiko alikojifunzia kutunga, si kwa mwalimu yeyote.

Uzeeni ndipo alipoanza kuandika zake. Jumapili baada ya ibada wanawake hubaki kigangoni, naye huwasomea. Wanaume nao husimama nje karibu na madirisha, wanajifanya wanawasubiri wake zao.

Jumapili hiyo aliwasomea habari ya ng'ombe. Ng'ombe mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imeinama mpaka imefunika jicho. Mtu akamwiba alfajiri, akamficha kwenye korongo lenye mkonge, akawa anamngojea mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka. Watu walikuwa kimya, hata watoto. Alipoona wamekolea, alikata. Alisoma mstari wa mwisho: "Na mwizi huyo ni mtu tunayesalimiana naye kila siku." Akafunga daftari. "Jumapili ijayo mtamjua."

"Aaa, mama! Usitufanyie hivyo!"

Alirudi nyumbani ametuna kama mpishi aliyefunika chungu mbele ya wenye njaa. Hakujua kwamba wenye njaa wengine hawawezi kungoja.

Kwamba Werema, anayekaa upande wa kwenda Nyakunguru, amepotelewa na ng'ombe, hilo alilisikia. Ng'ombe hupotea huku kama mvua inyeshavyo. Rangi yake hakuijua, wala hakuuliza. Lakini watu hawakuamini kwamba hakujua. Kwetu mtu mzima hamtaji mwizi kwa jina. Hutoa hadithi, anaipitisha pembeni, na mwenye masikio anasikia. Wazee wamefanya hivyo tangu zamani, na ng'ombe wengi wamerudi kwa njia hiyo bila damu. Kwa hiyo mwanamke anayesimulia ng'ombe wa watu kwa ajili ya utamu tu, huyo hawakuwa wamemwona bado.

Karibu na josho watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Mseti alikaa chini kwenye vumbi, mikono imefungwa nyuma, mdomo umevimba upande mmoja. Mbele ya Mzee Simioni, mkubwa wa iritongo, palikuwa na kipande cha kamba ya katani. Wamekiokota kwenye korongo chini ya nyumba ya Mseti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kaa."

"Sikai. Mfungueni mtoto kwanza, ndipo nikae."

"Hatafunguliwa kwa amri yako," alisema Simioni, bila ukali. "Werema, sema."

Werema alisimama. Ni mtu mrefu, si mwenye maneno, na macho yake yalikuwa mekundu ya kutolala. "Mama, sina ugomvi na wewe. Ng'ombe wangu ni mwekundu, tumbo jeupe, pembe ya kushoto imefunika jicho. Sikukuambia mimi. Umesema wewe mwenyewe, kanisani. Ulimwona wapi?"

"Kwa baba yangu, nilipokuwa mtoto."

Watu walicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Huyo ni ng'ombe au kobe?" alisema kijana mmoja wa sungusungu. "Tangu ukoloni bado anatembea?"

"Wewe mura, kijana wangu, nyamaza, wakubwa wanaongea. Werema, pembe za kuinama ziko nyingi. Kama ningejua wako anazo, ningempa wangu zilizosimama."

"Na korongo lenye mkonge?"

"Nionyesheni korongo la huku lisilo na mkonge."

"Na pikipiki mpya ya huyu?"

"Pikipiki haimo kwenye hadithi yangu. Hiyo mmeiongeza nyinyi. Ameinunua kwa fedha ya mashimo ya dhahabu, na mlimwona akitoka huko amejaa matope."

Maneno hayo yaliwagusa wachache. Lakini nyuma walikuwa wanasogea, na sauti moja ilisema waziwazi, "Tunapoteza muda, jua linawaka." Wenye fimbo walibadilisha mkono. Wegesa aliona, na Mseti aliona.

Simioni aliinua mkono. "Mama, nakuuliza neno moja tu. Mwizi wa hadithi yako ni nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijamwandika bado. Nilikuwa bado namtafuta."

Hapo kelele zilipanda. "Anatunga yeye, halafu hajui!" "Anamficha mtoto wa kaka yake!" Mwanamke mmoja aliyekuwa kigangoni Jumapili alisema, "Ulituambia tutamjua, mama. Utatujulishaje usiyemjua?" Na kusema kweli hilo lilimchoma Wegesa kuliko yote. Angewaelezaje kwamba mtunzi naye hutangulia na taa ndogo, anaona hatua moja tu mbele?

"Shangazi," alisema Mseti kutoka chini, sauti imekauka. "Sema ni uongo. Sema ulidanganya tu, niende nyumbani."

Aliufungua mdomo aseme. Maisha yake yote hajaita hadithi uongo. Uongo humtaka mtu kitu, humtaka mali yake au kura yake. Hadithi yake haikumtaka mtu kitu ila masikio. Lakini kwa mtoto huyu angelimeza hata hilo. Kabla hajasema, Werema alimwahi.

"Akisema ni uongo, mtamwamini? Aliyedanganya kanisani kwa starehe atashindwaje kudanganya hapa kwa ajili ya damu yake?"

Na kweli mlango huo ukafungwa.

Simioni aliitazama ile kamba. "Basi imalizie hapa," alisema. "Hapa hapa, mbele yetu. Mwisho wake tutausikia, na sisi tutajua."

Wegesa aliuelewa mtego. Atakachosema ndicho kitakachopigwa. Akisema mwizi ni kijana wa hapa kijijini, Mseti hamalizi siku. Akisema ni mgeni, pale pembeni wamesimama wachimbaji waliotoka Shinyanga na Geita, Mboje akiwa mbele yao na koleo lake, na hao hawana kaka wala shangazi wa kuwatetea. Akisema ni fisi, atachekwa, na Mseti atapigwa watu wakicheka. Alijua kutafuta neno tamu. Neno lisiloua hajawahi kulitafuta.

Akaanza polepole, kama anayekanyaga gizani.

"Mwenye ng'ombe aliamka, akakuta zizi liko wazi. Hakupiga kelele. Aliingia ndani ya zizi, akakaa pale ng'ombe yule alipokuwa akilala. Ardhi bado ilikuwa na joto."

"Mwizi, mama!" mtu alipaza sauti. "Tuambie mwizi!"

"Kelele!" alisema Simioni.

"Jirani zake walidhani analilia mali," aliendelea Wegesa. "Hawakujua. Mtu huyu alikuwa na jambo lake. Jioni, akishakamua, alikuwa anabaki zizini peke yake, anaegemea shingo ya ng'ombe yule, upande wa pembe iliyoinama. Anamwambia mambo. Mambo asiyomwambia mke wake wala ndugu zake. Habari ya mtoto aliyemzika. Habari ya hofu yake, maana mwanaume wa huku haogopi mbele ya watu. Ng'ombe anacheua, anasikiliza. Sasa zizi ni tupu, na mwanaume yule ana maneno ya siku nyingi, hana pa kuyapeleka. Ndiyo maana anataka sana kumpata mwizi. Si kwa ajili ya nyama, si kwa ajili ya..."

"Nani kakuambia?"

Ni Werema. Alikuwa amesogea mpaka karibu, fimbo mkononi. "Nani kakuambia habari zangu? Mke wangu? Nani alinisikia?"

"Hakuna, baba."

"Nani alikuwa nje ya zizi langu?"

"Hakuna mtu. Nilikuwa mimi, nje ya zizi la baba yangu, mtoto mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa akiongea na ng'ombe. Zizi lako sijawahi kuliona, Werema. Sijui hata lango lake linatazama wapi."

Werema aligeuza uso kando. Hakuna aliyecheka. Kisha Mboje, ambaye hajazoea mambo ya kukaa kimya, alisema kutoka pembeni, "Mimi nilidhani mama ananisema mimi. Lakini mimi huwa naongea na mbuzi."

Sasa walicheka, na katika kicheko hicho fimbo chache zilishuka chini. Mzee mmoja mkongwe alikohoa na kusema kwa Kikurya kwamba na yeye pia, ila ng'ombe wake alikufa zamani.

Simioni aliokota ile kamba, akaizungusha mkononi. "Hadithi moja imepata wenyewe watatu," alisema. "Na baba yake mama huyu ni wa nne. Itamfungaje mtu mmoja?"

"Na kamba?" aliuliza yule kijana wa sungusungu.

"Kamba kama hii iko hata nyumbani kwangu. Unifunge na mimi? Mwenye ushahidi wa macho aje aseme. Mwenye hadithi aipeleke kigangoni. Mfungueni."

Walimfungua, si kwa haraka. Wengine waliondoka wananung'unika kwamba wazee wamelainika, na nadhani wapo wanaoamini hivyo mpaka leo, maana ng'ombe wa Werema hajaonekana. Mseti alijisugua mikono. Wegesa alitaka kumshika uso, aone lile jeraha. Mseti alijitoa taratibu.

"Umeniokoa, shangazi. Na aliyenifunga ni wewe pia."

"Mwanangu, mimi sikukutaja."

"Najua. Uliacha nafasi, wakaniweka mimi." Akatema damu pembeni. "Jumapili usinitafute kigangoni."

Akaondoka kwa miguu, pikipiki hakuigusa. Wegesa alimtazama mpaka akapotea kwenye mahindi.

Watu walipopungua aligeuka, akamwona Werema bado yuko pale, ameegemea fimbo yake.

"Mama," alisema, haangalii mtu. "Huyo wa kwenye hadithi. Anarudi?"

"Sijajua bado. Nimekuambia."

"Lakini ni wewe unayeandika."

"Ni mimi. Lakini siwezi kumrudisha kwa nguvu, wasikilizaji watajua."

Werema aliitikia kwa kichwa kama anayeelewa, au kama aliyechoka tu. Alipiga hatua chache, akasimama tena.

"Basi angalau usimchinje."

Wegesa alimwangalia mtu huyo ambaye asubuhi ile ile alikuwa tayari kumuua mwanawe. Kumwahidi ilikuwa rahisi, na pengine ingekuwa heri.

"Nitamtafuta, baba," alisema. "Kuahidi siahidi."

Kisha akashika njia ile ile aliyopita Mseti.