Mume Wangu Anawalisha Simba Ili Wageni Wapige Picha

Admin, naomba unifichie jina. Najua wengi humu ni watu wa Iringa na Mbeya, na wapo watakaonijua kwa hiki kisa, lakini nimefika mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Igowole. Nimeolewa Iringa mjini na tuna binti mmoja. Mume wangu, nitamwita Baba Doreen, kazi yake ni kupeleka wageni mbugani Ruaha. Ndivyo nilivyokuwa najua.

Wageni anawapata stendi na mtandaoni, na ana maneno matamu. "Ukipitia getini ni masharti matupu, hata kushuka kwenye gari wanakukataza. Kwangu mimi unalala porini, unakula nyama choma, simba unamwona umekaa kwenye kiti chako." Watu wanafurahi, wanapanda gari. Mimi nilikuwa nabaki dukani kwangu nauza vitenge, naona picha tu kwenye simu yake, nasema kweli Mungu ametukumbuka.

Mwezi uliopita mpishi wake aliacha kazi ghafla, mume wangu akaniomba nikamsaidie. Wageni walikuwa wawili, maharusi kutoka Mbeya, wako fungate. Tukapita Kalenga, tukaendelea na vumbi mpaka nikachoka, halafu tukaiacha barabara tukashika njia ya ng'ombe.

Tulipofika kambini yule bibi harusi alikuja jikoni, akakunja mikono ya baibui lake, akaanza kunisaidia kumenya vitunguu. Binti mpole sana. Mara akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani dada, geti la hifadhi tulilipitia wapi? Mbona mimi sikuliona?"

Nikamwambia labda alisinzia.

Akanitazama. "Sikusinzia, dada."

Jioni, jua bado halijazama, nikamwona Baba Doreen na dereva wake wanaburuta paja la ng'ombe aliyekufa. Wakalifunga kwa mnyororo kwenye mti ng'ambo ya korongo, mkabala na viti vya wageni. Akanawa mikono, akabadilisha shati, akawafuata maharusi huku anatabasamu: "Leo moyo unaniambia tuna bahati."

Simba wakaja. Ndugu zangu, hawakuja kwa kunyata. Hawakujali moto wala sauti zetu. Walikuja kama ng'ombe wanaorudi zizini. Bwana harusi akapiga makofi. Mke wake alikuwa amenishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vya baridi.

Asubuhi akaja mama mmoja wa kijiji cha jirani, mtu mzima, amejifunga kanga kiunoni. "Kamwene, mwanangu," akanisalimia, nikaitikia. Akasema, "Zamani simba walikuwa wanapita tu. Siku hizi wanakaa. Juzi mmoja kaja mpaka mlangoni kwangu, kachukua mbwa mchana kweupe, wajukuu zangu ndio kwanza wametoka kwenda shule. Mwambie bwana wenu."

Nikamwambia mume wangu. Akacheka. "Mama Doreen, hao simba ni wafanyakazi wangu. Umewahi kusikia mfanyakazi anamla bosi?"

Nilipofika mjini nikampigia yule mpishi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada, mimi sikuacha kazi. Nilikimbia."

Wiki iliyofuata hatukuwa na wageni, tukaenda kambini kufanya usafi. Nyama haikuwa imewekwa tangu wale maharusi waondoke. Nikakuta nyayo zimezunguka mahema yote, zimerudi, zimezunguka tena. Hema moja limechanwa upande wa kitandani. Mto wa kulalia tuliukuta ng'ambo ya korongo, chini ya ule mti wenye mnyororo.

Hapo nilipiga magoti, narudia, nilipiga magoti mbele ya mume wangu. Nikamwambia, "Baba Doreen, hawa wamekuja kutafuta chakula chao. Siku wakikosa paja watachukua mtu. Funga kambi." Hakunigombeza, na hicho ndicho kilichonitisha. Aliniinua taratibu, akanifuta vumbi magotini, akasema, "Ukifungua mdomo wako, kumbuka wageni walikula chakula cha mkono wako. Tutaenda wote ndani, na Doreen atalelewa na watu baki." Kisha akachukua sindano na uzi, akakaa kushona lile hema.

Nilifikiria kwenda kwa watu wa maliasili. Nikafika mpaka karibu na ofisi, nikageuka nikarudi dukani. Kwa mwenyekiti wa kile kijiji jirani na kambi siwezi kwenda. Yule nilimkuta kambini anakula nyama choma na mume wangu.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Kwaya ya usharika wetu kule nyumbani imeamua kwenda kutalii, na kwa kuwa mkwe wao ana kambi, wamemchagua yeye. Wanakuja Jumamosi hii. Mama yangu mzazi ni mmoja wao, anaimba sauti ya pili. Nimempigia nikamwambia asije, si salama. Akaniuliza kuna nini, nikashindwa kulisema lote, nikaanza kulia. Akasema, "Mwanangu, ugomvi wa ndani usiutoe nje. Usimharibie mumeo riziki. Sisi tunakuja kumwunga mkono." Kwaya nzima imeshashona sare za safari.

Jana Baba Doreen alipita dukani ana furaha, akaniambia safari hii watu ni wengi, atatafuta paja kubwa zaidi, na viti atavisogeza karibu na korongo ili wazee waone vizuri.

Nikisema, nampoteza mume na labda tunafungwa wote. Nikinyamaza, sijui Jumapili nitaamkia habari gani. Ninyi mlio nje ya hili jambo, niambieni nianzie wapi, na nianze na nani, maana siku zimekwisha.

Wakati naandika hapa mama amenitumia ujumbe. Anauliza huko porini kuna baridi, aje na blanketi? Nimeusoma, sijajibu. Nimjibuje?