Bei ya Sabuni Kwenye Kioo

Fundi wa pale kona anauza gari lake la mbio. Bei ameiandika kwa sabuni kwenye kioo cha mbele, na kila mteja akija, anaifuta kwa kiwiko na kuandika nyingine iliyo juu zaidi. Tamaa hana, tatizo ni kwamba akishafungua boneti na kuanza kueleza turbo aliyoifunga mwenyewe, springi alizozikata, na ekzosi aliyoichomelea mara tatu mpaka ikatoa sauti anayoitaka, anajishawishi yeye kabla hajamshawishi mteja. Vidole vyake vya grisi haviigusi ile rangi nyekundu, anaonyesha kwa kidevu. Kisha anawasha injini, anafumba macho, ananong'ona, "Umesikia?" Wengi wanasikia kelele tu, wanaaga. Jumamosi hii alikuja mwalimu wa hesabu, mpole, miwani imemshuka puani. Injini ilipowaka, naye akafumba macho. Fundi akaduwaa, akaifuta bei, na mkewe aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai akauona mkono ule, kwa mara ya kwanza, ukiandika bei ndogo, halafu ndogo zaidi. "Ila mwalimu," fundi akasema, kicheko kimemjaa kooni, "uwe unapita hapa kila asubuhi. Gia ya pili, na ukifika kwenye kona ukanyage mafuta." Mwalimu akakubali, wakapeana mikono. Mke akapuliza chai yake taratibu. "Baba watoto," akauliza, "hilo gari umeliuza, au umelitafutia dereva?"